Kifuniko Kati ya Meno

Jiwe la kwanza lilipiga bati la kituo wakati watu wenye adabu bado wanakunywa chai. La pili lilivunja dirisha la ofisi. La tatu OPJ Arlette Asukulu, mpelelezi wa polisi wa Baraka, hakulingoja. Alitoka nje mikono mitupu, akasimama mlangoni, akawatazama.

“Nani anatupa?”

Baraka ikikasirika ndivyo ilivyo, mikono mingi na midomo michache. Uwanja ulikuwa umejaa vijana wa mtaa wa marehemu, akina mama waliotoka moja kwa moja kwenye matanga, na wale wa siku zote ambao hawakumjua marehemu hata sura, ila wamesikia kuna mtu wa kupigwa wakaacha kazi zao. Mbele kabisa alisimama Wilfried, kaka mkubwa wa marehemu. Mkononi alikuwa na jiwe la mtoni, na wala hakujisumbua kulificha.

“Mama OPJ, utupe ule muntu.”

“Ule iko mahabusu wangu, Papa Wilfried. Mi sigawe bantu ku mulango.”

“Alimukata Jacques shingo. Kisha akamutia kifuniko cha bidon mu kinywa, ili hata kule alienda asimuseme. Ile ni dawa gani? We unaijua? Sisi hatuijue.”

“Na njo sababu mulimuvunja taya.”

“Alifunga kinywa ya Jacques, na sisi tukafunga yake.” Wilfried alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la haki. “Sasa tunaenda kumuzika. Tukitoka ku makaburi, tunapita hapa. Mulango ikuwe wazi ao ikuwe imefungwa, tutaingia. Nimekuambia mbele, juu ninakuheshimia.”

Wakageuka, wakaenda kuzika. Arlette alirudi ndani akiwa amekasirika hata masikio yanamwaka moto. Mtu anakuja kukutangazia mauaji, tena anakuambia ni kwa heshima.

Kwenye kasho, chumba cha mahabusu, Pierre-Claver Nzohabonayo alikaa ameegemea ukuta. Muuguzi alikuwa amemfunga bendeji kutoka kidevuni mpaka utosini. Uso ulivimba hata jicho moja halikuonekana. Vidole vya mkono wake wa kulia walivipondaponda kwa mchi, kwa hiyo hata kalamu hakuweza kuishika. Alihitaji hospitali, lakini kumpeleka huko kulikuwa kumpitisha katikati ya mawe.

“Ulimukata Jacques?”

Akatikisa kichwa, hapana. Akataka kuongeza neno, akafungua kinywa, damu ikamwagika kifuani badala ya neno. Kisha macho yakageuka, akaanguka ubavu, amezimia. Maswali yakaishia hapo.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kusimulia. Shirika moja la chanjo lilitaka kupeleka wachanjaji wake kwa miguu hadi vijiji vya juu, upande wa Minembwe. Kabla yao, watu watatu walitangulia ili kupanga mambo mawili tu: maji yatapatikana wapi kiangazi hiki, na watu watalala wapi. Vainqueur alikuwa mtu wa shirika, mwenye kupanga. Jacques alikuwa kiongozi wa njia, mzaliwa wa milimani. Pierre-Claver, mkimbizi kutoka Burundi anayeishi kambi ya Lusenda, alibeba mizigo. Asubuhi ya siku ya pili Vainqueur aliteremka Fizi peke yake, mkono wa kushoto umekatwa, akisema Mrundi amewageukia usingizini kwa panga. Watu wakapanda, wakamkuta Jacques amekufa chini ya turubai, kifuniko cha dumu la maji kinywani, wakamteremsha kwa kipoyi, machela ya miti. Pierre-Claver alikamatwa akikimbia karibu na Lusenda, nguo zina damu, na wenye hasira walimfikia kabla ya polisi.

Basi mashahidi walikuwa wawili, na mmoja tu alikuwa na mdomo. Arlette aliamua kwenda na huyo mwenye mdomo mpaka pale mauaji yalipotokea, akamsikilize akisimulia mbele ya mahali penyewe. Kituoni aliacha polisi wawili na amri ya kutofungua mlango hata kwa askofu.

Walipanda pikipiki mbili hadi Fizi, kisha miguu. Mbele Vainqueur, nyuma yake polisi Albert na bunduki yake, mwisho Arlette. Vainqueur alikuwa kijana wa ufukweni, babaye mvuvi, msafi, viatu vizuri, mkono wa kushoto umeshonwa na kufungwa bendeji nyeupe. Alikuwa na adabu nyingi mno kwa mtu aliyetoka kuponea panga.

“Étape, mwendo ya siku ya kwanza, nani aliipanga?” Arlette aliuliza bila kusimama.

“Jacques. Mi ninaandika tu, mama. Ye njo alijua mulima.”

“Na fasi ya kulala?”

“Pia Jacques. Alisema tulale pembeni ya maji, ni rahisi ku kupika.”

“Na mwaka jana, ile fasi ya Chérie? Nani aliichagua?”

Vainqueur alirekebisha bendeji yake akitembea. Chérie alikuwa mchanjaji, msichana wa hapo Baraka. Katika safari ya masika iliyopita kijito kilijaa usiku, kikabeba turubai pamoja naye, na maiti yake ilipatikana bondeni baada ya siku nyingi. Ofisi ya shirika iliambiwa kwamba kiongozi wa njia ndiye aliyechagua mahali. Jacques, aliyekuwa ametangulia mbele siku ile, akafukuzwa. Mtaani walimtemea mate, hata mke wake alikuwa akiteka maji peke yake. Mwaka huu Vainqueur alimrudisha kazini, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua chemchemi za juu ambazo hazikauki.

“Ile pia ni Jacques,” Vainqueur alisema hatimaye. “Lakini ameisha kufa, mama. Tusimuseme vibaya.”

“Mi simuseme vibaya. Ni we unamusema.”

Wakaendelea kupanda mpaka wakafika.

Kijito cha Kalonda hupita katikati ya mawe makubwa, na juu yake njia inaendelea kupanda mpaka kwenye mgongo wa mlima. Turubai la buluu, bashi kama wanavyoliita huku, lilikuwa bado limefungwa kwenye miti miwili, hatua chache tu kutoka majini. Chini yake kulikuwa na mkeka wenye doa la damu iliyokauka, gunia la unga, redio ndogo na sufuria.

Albert aliinama kwenye tope. “Chef, ona. Buti za baaskari. Bengi. Na ngombe.”

“Za lini?”

“Za juzi. Ao jana yake.”

Vainqueur alidakia haraka. “Pengine ule Mrundi alikuwa na benzake. Bale ba mu pori. Alibaita.”

Arlette alizitazama nyayo. Zilishuka kutoka upande wa pili, zikafika majini, zikarudi zilikotoka. Hakuna hata moja iliyokaribia bashi. Akanyoosha kidole kwenye gunia la unga na redio.

“Bantu ba pori bamepita hapa, bakaacha unga? Bakaacha redio? Albert, we umeisha kuona ile?”

“Hapana, chef. Bangebeba hata mukeka.”

“Basi tuache ya pori.” Akamgeukia Vainqueur. “Mulilala namna gani?”

“Jacques kule ndani, mi katikati, ule muntu pembeni. Mi niliamuka juu ya kelele. Nikaona mupanga inashuka ku shingo ya Jacques. Nikaweka mukono hivi, akanikata, nikakimbia.”

“Kulikuwa baridi?”

“Mingi sana.”

“Ulilala na hii jaketi?”

“Njo hii. Siko na ingine.”

Arlette alishika mkono wa kushoto wa jaketi ile, akaukunjua taratibu. Ulikuwa mzima, haujashonwa, haujafuliwa.

“Mupanga ilikata nyama, ikaacha nguo.”

“Nilikuwa nimekunja mukono ya jaketi.”

“Mu baridi mingi sana.”

Arlette hakumsukuma zaidi, kwa maana mtu akibanwa mapema hujifunza kuongopa vizuri. Aliingia chini ya bashi, akalala chali kwenye mkeka palepale alipoambiwa Jacques alilala, akatazama juu. Shingo ya mtu ikikatwa, damu huruka, haitoki kwa utaratibu. Plastiki ile ilikuwa safi kote kwa ndani, na kwenye majani yaliyoizunguka hakuna tone. Chini ya mkeka, ukiondoa hapo penye doa, nyasi zilikuwa mbichi, zimesimama, bila alama ya watu watatu kulalia usiku kucha. Hakuna majivu, hakuna mawe ya jiko.

Alitoka, kiu imembana. Alichukua bidon, dumu dogo la maji la Albert, akachuchumaa kwenye jiwe la majini. Mkono wa kushoto alishika bidon ili maji yasiibebe, wa kulia alifungua kifuniko, akakibana kati ya meno ili mikono yote miwili ibaki na kazi. Alikuwa akifanya hivyo tangu utotoni, alipopanda milima hii nyuma ya mama yake na mafuta ya mawese mgongoni. Kila mtu hufanya hivyo. Huwezi kukiweka kifuniko chini, kijito kitakichukua.

Maji yaliingia yakigugumia. Arlette alibaki amechuchumaa, kifuniko mdomoni, hata bidon ikajaa na kufurika na yeye hajaondoka.

Alikuwa ameona daktari akimtoa Jacques kile kifuniko cha njano. Ilibidi atumie koleo. Meno yalikuwa yameuma plastiki mpaka yakaacha mashimo, na daktari alisema mtu akifa ghafla misuli inaweza kukaza hivyo. Mbele ya maiti, ndugu walilia uchawi. Arlette mwenyewe alikuwa ameandika kwamba muuaji alimsokomeza mtu kifuniko. Wote walifikiria muuaji, wala hakuna aliyefikiria maji. Aliona aibu kali, maana mtu alikuwa amevunjwa taya kwa ajili ya ule upuuzi.

“Albert,” alisema akisimama. “Ufuate maji, ushuke. Tafuta bidon ya njano isiyo na kifuniko.”

“Na we, chef?”

“Mi ninabaki na bwana Vainqueur.”

Albert hakwenda mbali. Mita chache chini, bidon ya lita tano ilikuwa imenaswa kati ya mawe mawili, mdomo wazi. Arlette alitoa mfukoni kile kifuniko alichopewa na daktari, chenye alama za meno, akakizungusha. Kikaingia sawasawa.

Kisha akapanda ile njia ya juu mwenyewe, hatua kama thelathini hivi, akasukuma majani kwa mguu. Nyuma ya jiwe palikaa bidon nyingine, kubwa, imejaa hadi shingoni. Chini ya kifuniko chake kulikuwa na kipande cha sachet, mfuko wa plastiki, kilichobanwa ili maji yasimchuruzike mbebaji mgongoni, na kamba ya kubebea ilikuwa tayari imefungwa. Akairudisha hadi kijitoni, akaitua mbele ya Vainqueur.

“Nieleze hii.”

“Ni bidon ya maji, mama.”

“Muntu mwenye kulala hapa, pembeni ya maji, anajaza bidon, anaziba na sachet, anafunga kamba, anaipandisha ku njia. Anaenda nayo wapi?”

Vainqueur alitazama bidon kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

“Mi nitakuambia. Ku mulima hakuna muntu mwenye akili analala ku maji. Maji unaiteka mangaribi, unaibeba, unapanda, unalala juu. Hapa chini baridi inashuka, ngombe zinashuka, bantu ba bunduki banashuka kunywa, na mvua ikinyesha kule mbali, mutoni inakufikia umelala. Jacques alizaliwa huku. Jacques alijaza bidon ya kwanza, akaipandisha. Akarudi, akainama kujaza ya pili, kifuniko mu meno. Jua bado iko. Na nyuma yake kulikuwa muntu mwenye mupanga.”

“Ule Mrundi.”

“Kama ni Mrundi, nani alifunga bashi, na juu ya nini we unasema mulilala hapa?”

Hapo uso wa Vainqueur uliacha adabu. Aliinama kama anayegusa kamba ya kiatu, akainuka na jiwe, akamgonga Albert ubavuni mwa kichwa. Albert alianguka majini bila sauti, bunduki chini yake. Vainqueur aliirukia bunduki, Arlette akamrukia yeye, wote wawili wakaingia kijitoni.

Alikuwa na nguvu za mtu aliyekua akivuta nyavu. Alimshika Arlette kisogo kwa mikono miwili, akamzamisha uso, akamlalia mgongoni. Arlette alimeza maji na mchanga. Bastola yake ilikuwa kiunoni chini ya tumbo, haifikiki. Alipapasa, akapata kokoto kubwa yenye ncha, na mahali pekee alipoweza kufika palikuwa ule mkono wa kushoto wenye bendeji. Alipiga. Akapiga tena, mpaka akahisi nyuzi zinapasuka. Vainqueur alipiga yowe, akalegea. Arlette alijipindua, akampiga goti la koo, akampanda kifuani, akamwekea bastola kwenye tundu la jicho.

“Ukitingisika, ninafyatua. Na sitalia.”

Alikohoa maji kwanza, yakamwagikia yule mtu usoni. Albert alikuwa ameinuka nusu, anashika kichwa, damu inapita kati ya vidole vyake.

“Sema,” Arlette alimwambia Vainqueur.

“Nilimuomba,” Vainqueur alisema, na sasa alilia kwa makamasi. “Mi nilisema tuweke bantu balale hapa, maji iko karibu. Akanitazama. Akasema, kumbe ni we. Ile ya Chérie pia ni we uliichagua, na ukasema ku bureau ya shirika ni mi. Akasema anashuka kesho, anaenda kumuambia papa ya Chérie. Nilimuomba na magoti, mama. Akanyamaza tu, akainama kuteka maji.”

“Na Pierre-Claver?”

“Alikuwa mbele na muzigo. Alisikia akarudi, akamushika Jacques mu mikono, akaanza kulia. Nilimufukuza, akanishinda mbio. Kisha mi nikaweka bashi, nikamuvuta Jacques ndani. Nikajikata.”

“Juu ya nini uliweka bashi hapa? Ungeiweka kule juu, pengine ningekuamini.”

Vainqueur alimtazama kwa mshangao wa kweli.

“Sasa ningeiweka wapi? Maji iko hapa.”

Kwao ufukweni, mtumbwi ukivutwa nchi kavu watu hulala palepale, mawimbi yanawapigia miguuni. Chérie alikufa kwa sababu hiyo, Jacques akakatwa kwa sababu hiyo, na mwenye kupanga hata saa hii alikuwa hajaelewa kosa lake liko wapi. Arlette alimfunga pingu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Walipofika Fizi simu ilipata mtandao, ikalia papo hapo. Alikuwa polisi wa kituoni, anapiga kelele juu ya kelele za wengine.

“Chef, bameisha zika. Bamefika. Bako na matairi.”

Pikipiki zilishuka kwa mwendo wa kichaa. Albert aliendesha ya kwanza kwa jicho moja, la pili limejaa damu. Arlette alipanda ya pili, Vainqueur amebanwa kati yake na dereva, ile bidon ya njano imening'inia kwenye kamba.

Uwanja wa kituo ulinuka petroli. Nguzo ya umeme ilikuwa imegeuzwa kifaa cha kubomolea, vijana sita wanaikimbiza dhidi ya mlango, na mlango ulishaachia bawaba ya juu. Polisi mmoja alikaa chini ameshika tumbo. Ndani ya ule ufa wa mlango ulionekana mguu wa Pierre-Claver, ukijivuta nyuma.

Arlette alifyatua risasi mbili hewani. Vijana walisimama, lakini hawakuitua nguzo.

“Mama OPJ, toka ku njia,” Wilfried alisema. Suti yake ya mazishi ilikuwa na udongo magotini. Jiwe lilikuwa mkononi. “Tulikuambia.”

“Mulinambia. Mi pia nitakuambia kitu kimoja.” Alitoa funguo kiunoni, akaziinua juu ili wote wazione. “Ufunguo ya kasho iko hii. Unaitaka?”

“Tupe.”

“Ninakupa. Lakini mi natoka ku mulima, niko na kiu. Unijazie hii bidon kwa pipa mbele. Ukimaliza, unakamata ufunguo.”

“Chef,” Albert alinong'ona, “unafanya nini?”

Wilfried alitazama funguo, akatazama bidon. Watu wakaguna. Mama mmoja akasema, mujazie basi tumalize. Pipa la maji lenye bomba lilikuwa hapo kando ya ngazi. Wilfried aliipokea bidon, akagundua kwamba mikono yake haitoshi, akaliachia jiwe lianguke. Mkono wa kushoto akaiweka bidon chini ya bomba. Wa kulia akafungua kifuniko, akakitia kati ya meno, akanyoosha mkono kufungua bomba.

“Simama hapo,” Arlette alisema. “Usitoe.”

Wilfried alisimama. Uwanja wote ulimwona: mtu ameinama, shingo wazi, kifuniko cha njano kimebanwa menoni.

“Kuna muntu amemutia Papa Wilfried kifuniko mu kinywa?” Arlette aliuliza umati. “Kuna dawa hapa? Museme.”

Mtu mmoja nyuma aliitua petroli yake chini polepole.

“Jacques alikuwa hivi. Hakuwa amelala. Alikuwa anateka maji, jua bado iko. Aliyemukata alimukata nyuma, kisha akafunga bashi pembeni ya mutoni, akasema balilala pale. Papa Wilfried, ndugu yako, mutoto wa milima, angelala ku mutoni?”

Kifuniko kilimtoka Wilfried mdomoni. “Hata akiwa mulevi,” alisema kwa sauti ndogo. “Hata akiwa na homa. Papa yetu alitukatazaka.”

“Nani alisema balilala pale?”

Macho yote yalihamia kwenye pikipiki, kwa mtu wa pingu aliyelowa maji. Vainqueur hakupata hata nafasi ya kukana. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa mzee mwenye shati jeusi, babaye Chérie, aliyekwisha elewa nani alichagua mahali alipolala binti yake, na alimpiga ngumi moja ya mdomo iliyomwangusha chini. Nyuma yake likaja jiwe, kisha mengine. Arlette na Albert walimlalia juu, wakamburura kwa kola mpaka ngazini, mawe yanawapiga migongoni, wakamtupa ndani. Arlette alipigwa juu ya sikio. Aligeuka akiwa ameinua bastola, na safari hii hakuilenga mbinguni.

“Jiwe ingine, ninafyatua mwenye mukono. Nimechoka na ninyi.”

Waliona kwamba hatanii. Umati ulirudi nyuma mpaka barabarani. Wilfried tu ndiye aliyebaki hapo penye pipa, maji yanamwagika juu ya viatu vyake.

“Ninaweza kumuona?” aliuliza. “Ule muntu.”

“Juu ya kumufanyia nini?”

“Kumuuliza kitu moja.”

Arlette alimpapasa mifuko, akampisha. Kwenye kasho Pierre-Claver alijikunyata kwenye pembe, akainua mkono wake mzima kujikinga kichwa. Wilfried alipiga magoti mbali kidogo, akafungua viganja vyake vyote viwili.

“Siko na kitu. Ona. Mi njo Wilfried, mukubwa ya Jacques. Ni mi nilikuvunja. Mi mwenyewe, na jiwe. Bengine balikushika tu.”

Jicho moja la Pierre-Claver lilimtazama bila kupepesa.

“Tangu ile mambo ya Chérie hatukuongea na Jacques. Mi pia nilimutemea mate. Sikujua. Mulitembea naye siku muzima. Mu njia, alinisemaka? Alisema hata neno moja juu yangu?”

Pierre-Claver alishusha mkono uliokuwa ukikinga kichwa. Kisha akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Wilfried alisogea kwa magoti mpaka akamfikia. “Alisema nini?”

Kinywa kilifunguka ndani ya bendeji. Ilitoka sauti, ndefu, yenye maneno ndani yake, lakini hayakuwa na umbo lolote, na damu ikayafuata. Wilfried aliinamisha sikio.

“Sijasikia. Sema tena.”

Akasema tena. Mlangoni Albert na Arlette walisikiliza pia, na hakuna aliyeambulia kitu.

“Papa Wilfried,” Arlette alisema, “muache. Utamubeba mpaka ku hospitali, we na benzako. Kisha utarudi hapa. Hii kasho ni yako.”

Wilfried aliitikia kwa kichwa bila kugeuka. Sikio lake lilikuwa juu ya kile kinywa, shavu limelowa damu.

“Polepole, ndugu yangu,” alisema. “Sema tena.”